Refa Kipofu

Jumamosi, 4 Machi

Msimu umefunguliwa. Mechi ya kwanza imeisha sare, na kabla kipindi cha kwanza hakijafika katikati nilikuwa nimeshaitwa kipofu. Aliyeanzisha ni yule yule wa miaka yote, mzee wa kona ya kushoto. Tunamwita Spika kwa sababu sauti yake haihitaji umeme. Akitoa "Refa kipofuuu!" jukwaa zima linaitikia. Siwezi kusema inaniuma. Siku nisipoitwa hivyo nitajua nimekosea uwanja.

Naandika hapa kwa sababu fomu ya kamati ina nafasi ya magoli na kadi tu. Haina mahali pa kuandika kwamba ni mimi peke yangu mwanamke mwenye filimbi kwenye ligi hii, kwamba wenzangu wanabadilisha nguo kwa makusudi polepole ili nisubiri nje juani, na kwamba msimu huu nimeapa kupewa fainali. Mwenyekiti wa kamati ya waamuzi kila mwaka ananiambia, "Binti, wakati wako utafika." Nina miaka arobaini na mmoja. Huo wakati unakuja kwa kutambaa?

Vumbi leo lilikuwa jingi. Jicho la kushoto linawasha.

Jumatatu, 6 Machi

Jicho limekuwa jekundu kama kadi. Mdogo wangu, ambaye ninaishi naye na ni msusi, amehamisha taulo lake chumbani kwake. "Dada, usinisogelee. Nikiyapata hayo nitawasuka wateja kwa kupapasa?" Nimepita duka la dawa. Muuzaji hakumaliza hata kunitazama. "Macho mekundu hayo, yako mtaa mzima." Kanipa matone.

Jumatano, 8 Machi

Watu wa macho mekundu ninaowajua mimi wanaamka kope zimegandana kwa tongotongo. Mimi sina hata chembe. Nina machozi na maumivu, na maumivu yenyewe hayako juu, yako ndani, yanapanda mpaka kwenye nyusi. Leo kazini, kwenye duka letu la vifaa vya ujenzi, mteja alifungua mlango jua likaingia, nikageukia ukutani kama mtu aliyepigwa kofi. Alitaka misumari ya inchi tatu. Nilimpa ya inchi nne.

Jumamosi, 11 Machi

Nimechezesha. Nimejikaza kisabuni. Kila mpira ulipopaa nilitamani utue bila mimi kuutazama. Wakati wa mapumziko Ngongoti akanifuata. Huyu ndiye mshika kibendera wangu wa upande wa kushoto, mrefu mpaka milango ya vyumba vya kubadilishia nguo inamwogopa.

"Bosi, jicho vipi?"

"Vumbi."

"Vumbi la wiki nzima?"

"Shika kibendera chako."

Ninavyomwona anavyoitazama filimbi yangu, hanidanganyi. Anaisubiri.

Jumanne, 14 Machi

Nimekwenda hospitali ya macho kwa sababu mdogo wangu alinifungia mlango nikiwa nje, akasema hafungui mpaka nirudi na karatasi ya daktari. Nilipiga kelele. Akaongeza sauti ya redio.

Daktari ni mwanamke mdogo kwangu, mpole wa sauti, asiyejua kucheka. Alianza na herufi za ukutani. Kwa jicho la kulia nilisoma mpaka mstari wa chini. Kwa la kushoto, mstari wa tatu ulikuwa umekaa kwenye ukungu, nikabahatisha, nikakosea. Kisha akaniweka kwenye mashine, kidevu hapa, paji la uso pale, akawasha mwanga mwembamba. "Usitikisike." Ule mwanga uliingia kama pini. Machozi yalinitiririka mpaka shingoni.

"Umetumia dawa gani?"

Nikamwonyesha chupa.

"Hii ni ya macho ya kuambukizana. Wewe huna hayo. Ugonjwa wako uko ndani ya jicho." Akaizima mashine. "Umewahi kuona mwale wa jua ukiingia chumba chenye vumbi? Ndani ya jicho kuna maji, yanatakiwa yawe safi kabisa. Nimepitisha mwanga, nimeona vumbi linaelea. Si la uwanjani. Ni askari wa mwili wako mwenyewe. Wameingia mahali pasipo na adui, wanashambulia wanachokikuta."

"Yaani timu yangu inapigana yenyewe kwa yenyewe."

"Ndiyo."

"Nishachezesha mechi ya hivyo. Kipa na beki wake. Niliwatoa wote wawili."

Hakucheka. Alisema mboni yangu haiko duara tena, imeanza kunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake, na tukichelewa itanata moja kwa moja. Halafu akauliza kitu kilichonifanya nidhani amechanganya mafaili.

"Mgongo wako ukoje?"

Nimekuja na jicho, ananiuliza mgongo!

"Ukiamka asubuhi, kiuno kinakaza?"

Nikajishika kiuno.

"Ukitembeatembea kinalegea? Ukilala zaidi kinazidi?"

Nilitaka kumuuliza nani kamwambia. Miaka sasa natoka kitandani kwa awamu, kwanza miguu, halafu mikono, halafu kiuno kwa kukibembeleza, na nimekuwa nikisema ni mbio. Akanieleza kuna ugonjwa wa viungo vya uti wa mgongo unaopenda kuandamana na jicho la namna hii. Hakutaka kubahatisha. Kaagiza vipimo vya damu, na picha ya kifua na ya kiuno, kwa sababu kifua kikuu na kaswende navyo vinaweza kuliwasha jicho hivi hivi. Nilipotoa macho kusikia kaswende, akasema anawapima wote, hata mapadri.

Dawa ni matone ya kutuliza huo moto, kila saa niliyo macho, na matone mengine ya kupanua mboni iachane na lenzi. "Sasa sikiliza hili kuliko yote," akasema. "Wekundu utaisha kabla ya ugonjwa. Usiache dawa kwa sababu kioo kimekwambia umepona. Nitakushusha mimi, ngazi kwa ngazi. Na mboni ikiwa imepanuliwa, usichezeshe mpira."

"Jumamosi nina mechi."

"Jumamosi una jicho."

Nimetoka pale nimenuna. Sipendi mtu anayepuliza filimbi kuliko mimi.

Alhamisi, 16 Machi

Tone. Tone. Tone. Dukani wateja wanadhani nimefiwa.

Jumamosi, 18 Machi

Ngongoti amepewa filimbi. Saluni ya mdogo wangu haiko mbali na uwanja, nikakaa pale kwenye kiti cha wateja, miwani ya jua usoni, nikamsikia Spika akimwita Ngongoti kipofu. Nimeona wivu.

Ijumaa, 24 Machi

Majibu yametoka. Kifua kisafi, damu safi. Picha ya kiuno ndiyo yenye maneno, viungo vya chini ya mgongo vimeanza kuchakaa kwa namna aliyoitarajia. Ameniandikia kwenda kwa daktari wa viungo. Jicho linaendelea vizuri, kanishusha ngazi moja tu ya matone. "Bado kuna vumbi kidogo," anasema. Mimi silioni.

Jumatatu, 27 Machi

Nimesimama mbele ya kioo. Jicho jeupe pe! Halina maumivu, halina machozi. Nimeacha matone, yote. Jumamosi nachezesha, na kamati nimeshawaambia nimepona. Daktari aendelee na vumbi lake.

Ijumaa, 31 Machi

Mvua ya kwanza. Naona ukungu kidogo upande wa kushoto, lakini mvua ikinyesha kila mtu anaona ukungu.

Jumamosi, 1 Aprili

Uwanja ulikuwa tope tupu. Dakika za mwisho, bila kwa bila, pasi ikapigwa kushoto, mshambuliaji akakimbia peke yake, akafunga. Nikapuliza, nikaonyesha katikati. Goli. Wale waliofungwa wakanizunguka wakipiga kelele kwamba ameotea, na Spika kule konani alikuwa karibu kupasuka. Nilimsikia. Bila kugeuza kichwa, kwa pembe ya jicho la kushoto, niliona doa la rangi tu, kama kitambaa kilichosahaulika kwenye kamba.

Ngongoti akaja mbio, akainama sikioni kwangu. "Bosi, nimeinua tangu pasi inatoka."

"Hukuinua!" Nilisema kwa sauti, mbele ya wachezaji wote.

Akalitazama jicho langu. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazama jicho. Kisha akawageukia wachezaji. "Nilichelewa kuinua. Kosa langu." Wakamtukana yeye, mechi ikaisha hivyo.

Chumba cha kubadilishia nguo kilipobaki kitupu nilikisimamisha kibendera chake ukutani, nikarudi mpaka mlangoni, nikafumba jicho la kulia. Kile kibendera cha manjano kikatoweka. Nikafumbua, kikarudi. Nikafumba tena.

Kilikuwa juu. Kilikuwa juu muda wote, mimi ndiye sikukiona, na msimu mzima wameniita kipofu nikicheka kwa sababu ulikuwa uongo. Leo haukuwa uongo. Sijawahi kuogopa hivi.

Kwenye fomu nimeandika: kibendera kiliinuliwa, mwamuzi hakukiona, kosa ni la mwamuzi. Sikuandika sababu. Goli halifutiki tena, lakini jina la Ngongoti halitachafuka kwa ajili yangu.

Jumatatu, 3 Aprili

"Umeacha dawa," daktari alisema, kidevu changu kikiwa bado kwenye mashine.

"Jicho lilikuwa jeupe."

Angenifokea ningejibu, maneno nilikuwa nayo. Hakufoka. Alizungusha kiti chake, akaniambia mambo matatu yanayoweza kunipata: mboni kunata moja kwa moja, presha ya jicho kupanda mpaka kuua mshipa wa kuonea, lenzi kuingia ukungu. Akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Jicho hili linaweza kufa wewe ukiwa unabishana na mimi. Unapigana na mtu asiyekuwa adui. Kinachofanyika ndani ya jicho, unakifanya na nje."

Nikalia. Yeye akanipa kitambaa, akaandaa sindano.

Ile sindano inapigwa pembeni ya jicho na unaiona inakuja. Nilishika mikono ya kiti, nikaitazama uso kwa uso. Nilijiambia, ugonjwa huu ulikuwa umeotea tangu mwezi wa tatu, na mimi refa mzima nilikunja mikono bila kupuliza. Sasa napuliza. Kama ni vita nimepata adui wangu, na si huyu mwenye koti jeupe.

Alhamisi, 6 Aprili

Kamati imeniita. Nilipoingia walikuwa wameshakaa, na Mwenyekiti alikuwa na uso wa kwenda kutoa pole.

"Binti yangu, afya kwanza. Tumezisikia habari za jicho, na hospitali, na sindano. Tunakuonea huruma. Umalizie msimu mezani, uwe unaandika wachezaji wanaobadilishwa. Kazi ya heshima, tena pana kivuli."

Sindano! Ya sindano nimemwambia nani? Nikatupa jicho kwa Ngongoti kule nyuma. Alikuwa anatazama sakafu. Basi, nikajua. Ananifunika uwanjani, ananifunua ofisini.

"Na msimu ujao?" nikauliza.

"Msimu ujao tutaona."

"Mtaona kwa jicho lipi, Mwenyekiti? Wewe mara ya mwisho kupimwa macho ni lini?"

Akakohoa. Nikawageukia wengine, waamuzi wa miaka na miaka, vitambi juu ya mikanda. "Kuna yeyote humu aliyewahi kupimwa?" Mmoja akaanza kutafuta kitu mfukoni. "Kwa hiyo anatoka aliyepimwa, wanabaki wasiopimwa."

"Anayeumwa hapa ni wewe," Mwenyekiti akasema.

"Naumwa, ndiyo. Jicho limewaka ndani, na Jumamosi lilinikosesha kibendera, nimeandika kwenye fomu kwa mkono wangu. Sichezeshi mpaka daktari aseme. Akisema, nipimeni, na nyinyi mpimwe, ukuta mmoja, herufi zile zile. Nikishindwa, filimbi yangu nailaza hapa mezani na mezani nakaa. Mkikataa kupimwa, kila Jumamosi nitakaa kona ya kushoto na Spika, na mnajua nina pumzi kuliko yeye."

Mwenyekiti alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kunicheka.

"Mimi napimwa," ikasema sauti kutoka nyuma. Ngongoti alikuwa ameinua mkono, wote, karibu uguse feni. Safari hii nilimwona.

Ijumaa, 7 Aprili

Mdogo wangu hakula. Anapoacha kula kuna jambo.

"Ni mimi, Dada. Mke wa Mwenyekiti alikuja kusuka. Nilisema tu anisaidie, mumewe akupumzishe. Nilijua ukiwa na filimbi huwezi kuwa na dawa."

Saluni! Mimi nimemhukumu mtu mzima bila ushahidi, mdomo wenyewe unalala chumba cha pili. Nilimfokea mpaka nikachoka. Nilipochoka nikaona ana woga ule ule nilionao mimi, ila yeye hana mahali pa kuupulizia. Tukala. Nimemwambia kuanzia kesho yeye ndiye mlinzi wa matone.

Ngongoti nitamwambia nini?

Jumamosi, 15 Aprili

Mlinzi wa matone ni dikteta. Ananiamsha, ananiinamisha kichwa kwenye sinki la kuoshea nywele, anatia, anasema "Fumba!" mbele ya wateja. Wateja wameanza kunikumbusha na wao.

Jumatano, 19 Aprili

Daktari wa viungo kanipa dawa ya mgongo na mazoezi ya kunyoosha kila asubuhi. Leo nimetoka kitandani kwa awamu mbili.

Jumapili, 23 Aprili

Mvua ilikatika kidogo, Ngongoti akabisha hodi. Nilikuwa nimetayarisha msamaha wa kueleweka, nikatoa nusu yake tu. "Nilikudhania vibaya. Filimbi yangu..."

"Naitaka, ndiyo," akanikatiza. "Nani hataki? Lakini nataka nikuzidi, Bosi. Sitaki niirithi."

Alikuwa amekuja na vibendera. Tukatoka mtaani. Yeye akaenda mpaka mwisho kabisa wa barabara, miguu kwenye tope, mimi nikasimama mlangoni na kiganja juu ya jicho la kulia. Anainua, anashusha, ananidanganya nusu. "Juu!" nikapiga kelele. "Chini! Chini! Juu!" Majirani wakatoka. Mmoja akamuuliza mdogo wangu kama tunahitaji msaada. Nilikosa vingi. Tumekubaliana kila Jumapili.

Jumapili, 30 Aprili

Juu, chini, juu. Nimekosa vichache.

Ijumaa, 5 Mei

"Vumbi limekwisha," daktari amesema. Nikamwomba arudie. Mboni haitakuwa duara tena, ina kipembe kidogo chini pale iliponata, kitabaki. Presha ya jicho salama. Matone tunashuka polepole, ngazi kwa ngazi, na huu ugonjwa unaweza kurudi mwaka huu au mwaka wowote. "Ukiona mwanga unauma, unakuja siku hiyo hiyo. Huendi duka la dawa, huendi kwenye kioo."

"Na filimbi?" nikauliza, maana ya kamati nilishamweleza.

"Walete hao wazee wako."

Nadhani alitabasamu. Sina ushahidi.

Jumanne, 9 Mei

Wamekuja wote, kwa sababu habari zilishafika jukwaani na Spika alianza kuwaulizia mmoja mmoja kwa jina. Walikaa kwenye benchi la hospitali wameshika kofia.

Nilitangulia. Jicho la kushoto lilisoma mpaka mstari wa pili kutoka chini. Daktari akasema linatosha uwanjani na linabaki. Ngongoti alisoma yote mpaka jina la kiwanda lililochapwa pembeni. Ikafika zamu ya Mwenyekiti. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akaanza kusoma bila kusita, mstari baada ya mstari.

"Vidole, mzee," daktari akasema.

"Samahani?"

"Unachungulia katikati ya vidole. Tumia kadi hii."

Kwa kadi hakufika mbali. Ni mtoto wa jicho, tatizo linaloondoleka kwa upasuaji mdogo. Watu walianza kucheka na mimi nikawanyamazisha, maana woga ule naujua. Nilimpisha kwenye benchi. "Naogopa sindano," akaninong'oneza. Nikamwambia aitazame inavyokuja.

Jumatano, 17 Mei

Barua za mechi zimetoka. Fainali wamempa Ngongoti. Mimi wamenipa mechi ya kushuka daraja, ile ambayo kila mtu hupata dharura akipangiwa. Nimeikubali, na nimemwandikia Mwenyekiti kwamba fainali ya mwakani naanza kuidai leo.

Jumamosi, 27 Mei

Mvua ilinyesha mpaka saa chache kabla ya mechi. Tone langu la mchana nililitia chumbani, nikaichomeka chupa mfukoni pamoja na kadi. Ngongoti aliomba kushika kibendera upande wa kushoto ingawa ana fainali wiki ijayo. Mdogo wangu alifunga saluni, akaja na wateja wawili vichwa nusu vimesukwa.

Mechi ilikuwa ya mabuti na matusi. Nikatoa kadi, nikakimbia, kiuno kikaniitikia. Kipindi cha pili mpira ukapigwa kushoto, mtu akachomoka peke yake, jukwaa likasimama, na kule mbali kabisa, kwenye jicho langu la kushoto, kibendera cha manjano kikapanda. Nikapuliza kabla mshambuliaji hajapiga. Ameotea.

Konani mzee akavuta pumzi.

"Refa kipofuuu!"

Na jukwaa zima: kipofu, kipofu, kipofu! Nikasimama na mpira mkononi. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata uwanjani, kwa sababu walikuwa waongo tena. Nikaweka kiganja juu ya jicho la kulia, nikamtafuta Spika, na safari hii hakuwa doa. Alikuwa mzee mwembamba kuliko nilivyodhani, mikono kinywani, shati la mistari.

"Baba!" nikamwita. "Kifungo chako cha pili kimekatika!"

Akajitazama kifuani, akapapasa. Wote waliokuwa karibu naye wakainama kutazama. Kisha akaishika ile nafasi tupu ya kifungo kwa vidole viwili, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema.